Jaribio Lililofeli Halijawakosea

Fomu inamwambia mzee wa Tigania kwamba jina lake si sahihi. Ameliandika kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi M ikifuatwa na ritifaa, mtindo ule ule wa jina la Jaji Kathurima M'Inoti wa Mahakama ya Rufaa na la wazee wengi wa Meru. Fomu ya chama cha akiba na mikopo inamjibu kwa maandishi mekundu: "Tafadhali weka jina sahihi." Kijana wa saiba anayemsaidia anafanya kile ambacho vijana wa saiba kuanzia Makutano hadi Maua wamekizoea. Anafuta ritifaa. Tangu dakika hiyo mzee ana majina mawili, moja la kitambulisho na jingine la fomu, na siku atakapokwenda kudai akiba yake ataambiwa majina hayaoani, arudi nyumbani akalete hati ya kiapo.

Hasira yangu haimwendei kijana wa saiba. Inawaendea walioiunda fomu hiyo, kwa sababu fomu za aina hii hupimwa kabla ya kutolewa. Kuna jaribio mahali fulani, limeandikwa kwa mikono ya mtu, ambalo huifungua fomu, huandika "John Doe" kwenye kisanduku cha jina, hubofya "Wasilisha" na kungoja neno "Asante". Neno likatokea, jaribio likawa kijani, bosi akafurahi. Huyo John Doe hana shamba Tigania, hana hisa chamani, hana kitambulisho cha Kenya. Mmempima mtu asiyekuwepo, na mwenye fedha mmemfungia nje.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mwandishi wa jaribio la namna hiyo mara nyingi ni mtoto wa hapa hapa, mzaliwa wa Igembe au Runyenjes. Babu yake ana ritifaa katika jina. Mama yake ni Mũthoni, kwa kiwimbi juu ya u. Lakini akiketi mbele ya laptopu, jina la kwanza linalomjia vidoleni ni la kigeni, kwa kuwa ndilo lililokuwa kwenye video za mafunzo alizozifuata. Amejifunza ufundi na akajifunza pia kuwasahau watu wake, vyote katika somo moja, na hakuna aliyemkanya.

Kwa msomaji asiye wa kazi hii, nieleze. Kurasa za wavuti siku hizi hujengwa kwa vipande, na kila kipande huitwa komponenti: kitufe, kisanduku cha jina, kalenda ya kuchagua tarehe, jedwali la malipo. Tangu Facebook ilipoitoa React kwa umma mwaka 2013, hii ndiyo njia wanayoianza vijana wengi. Jaribio ni programu ndogo inayoiita komponenti ikiwa peke yake, inaijaza, inaibofya, kisha inauliza swali moja: je, kimeonekana nilichotarajia? Kikionekana, rangi ni kijani. Kisipoonekana, rangi ni nyekundu, na hapo ndipo kazi ya kusaka hitilafu inapoanza, au inapopaswa kuanza.

Haianzi. Nimekaa na vijana wa kutosha, katika miji ya Meru na Embu, kujua kinachofuata. Mmoja anaongeza neno la kuliruka jaribio, na jaribio linarukwa daima. Mwingine anagonga herufi u kwenye kibodi ili picha ya zamani ya komponenti ibadilishwe na mpya bila hata kuitazama, kosa likawa ndilo kipimo cha kesho. Wa tatu anaongeza muda wa kungoja kutoka sekunde moja hadi tano, kutoka tano hadi kumi, mpaka nyekundu inyamaze. Mkulima wa majani chai wa Rukuriri au Githongo akimkuta karani amefunika uso wa mizani, ataleta fujo kituo kizima na atakuwa na haki. Hawa wanafunika mizani kila siku, mchana kweupe, na wanalipwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika kazi hii kifo humuumbua mteja, si mwandishi.

Chukueni jina hilo la Mũthoni. Kijana analiingiza katika jaribio baada ya kulalamikiwa, jaribio linafeli, na kwenye skrini anaonyeshwa mistari miwili: lililotarajiwa ni Mũthoni, lililopatikana ni Mũthoni. Herufi kwa herufi, sawa. Anasonya, anasema kifaa kina wazimu, analifuta jaribio. Angehesabu urefu wa maneno hayo mawili angekuta moja lina herufi saba na jingine nane. Kompyuta ina njia mbili za kuhifadhi ũ: kama herufi moja iliyokamilika, au kama u ya kawaida ikifuatwa na kiwimbi kinachobandikwa juu yake. Jicho halioni tofauti, lakini mashine inaiona. Kibodi moja huandika hivi, nyingine vile. JavaScript ina amri ya kuyaweka yote katika umbo moja, normalize, na kuiandika ni kazi ya sekunde chache. Jaribio lilikuwa limesema kweli: katika mfumo huu Mũthoni anaweza kuandikishwa kama watu wawili tofauti, na akitafutwa kwa umbo moja asipatikane kwa jingine. Ritifaa nayo ni hivyo hivyo. Kuna iliyonyooka na kuna iliyopinda, na simu nyingine huibadilisha ile ya kwanza kuwa ya pili bila kumuuliza mwenye simu. Fomu inayokubali moja na kuikataa nyingine bado inamkataa mzee wetu.

Fedha nazo zina ugonjwa huu. Komponenti ya kuonyesha malipo inaambiwa iandike kiasi kwa mtindo wa Kenya, na inaandika Ksh 1,200.00. Jaribio linatarajia Ksh 1,200.00. Linafeli. Kati ya h na 1 kivinjari hakikuweka nafasi ya kawaida, ambayo namba yake ni 32. Kiliweka nafasi isiyokatika, namba 160, iliyowekwa makusudi ili neno Ksh lisibaki mwisho wa mstari huku tarakimu zikishuka mstari wa chini. Atakayechapisha namba za herufi moja moja atalijua hilo upesi, na jaribio lake atalirekebisha kwa haki. Asiyechapisha atalilaani jaribio na kuliruka, na kesho yake kiasi kikikosewa kweli hakutakuwa na mlinzi.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni la tarehe. Hili nataka kila mwenye kampuni ya programu kutoka Manyatta hadi Timau alisome mara mbili.

Kijana wa Embu anaunda kalenda ya kuchagua tarehe ya kuzaliwa. Mtu anachagua tarehe 1 Machi 2007. Ndani ya programu, tarehe hiyo inakuwa saa sita usiku ya Nairobi. Kisha msimbo unaigeuza kuwa maandishi ya kutumwa kwenye seva, na ugeuzaji huo hufuata saa za dunia, zilizo nyuma ya Nairobi kwa saa tatu. Saa sita usiku ya tarehe 1 Machi hapa ni saa tatu usiku ya tarehe 28 Februari kule. Msimbo unakata saa, unabakiza tarehe, na mtoto wa mtu amezaliwa siku moja kabla ya kuzaliwa kwake. Si tarehe hiyo tu. Ni kila tarehe, kwa kila mtu ambaye simu yake imewekwa saa za Afrika Mashariki.

Sasa sikilizeni jaribio lilivyosema. Kwenye laptopu ya kijana, iliyo mezani Embu na yenye saa ya Nairobi, jaribio lilifeli. Kwenye seva ya kampuni, iliyokodishwa ng'ambo na yenye saa za dunia, lilifaulu, kwa sababu huko saa sita usiku ni saa sita usiku kwa pande zote mbili. Kijana akahitimisha kwamba laptopu yake ndiyo mbovu. Akaongeza mstari mmoja kwenye mipangilio, unaoilazimisha mashine yake ijifanye iko kwenye saa za dunia kila majaribio yanapoendeshwa. Kijani kikarudi na fomu ikatolewa kwa umma.

Laptopu ya Embu ndiyo pekee iliyokuwa ikisema ukweli! Ilisimama mahali anaposimama mtumiaji, ikaona anachokiona mtumiaji, na mwenyewe akaifunga mdomo ili ikubaliane na mashine iliyo mbali ambayo haitajaza fomu hiyo hata siku moja. Sitaki kuambiwa ni kosa dogo. Tarehe isiyolingana na kitambulisho inamkosesha kijana wa Siakago mkopo wa masomo, inamrudisha mjini kwa nauli ya kukopa, inamfanya aonekane tapeli mbele ya karani. Na dawa ilikuwa nyepesi: tarehe ya kuzaliwa ibebwe kama mwaka, mwezi na siku, bila saa, na majaribio yaendeshwe kwa saa ya Nairobi kwanza, kisha kwa saa nyingine mbili tatu ili kujiridhisha.

Nije kwa kitufe. Igoji, kusini mwa Meru, iko shule ya St. Lucy's ya wanafunzi wasioona. Wanaotoka pale hutumia simu zinazosoma skrini kwa sauti. Simu hiyo haioni rangi wala umbo. Inauliza ukurasa: hiki ni nini, kinaitwaje? Ikiambiwa ni kitufe kinachoitwa "Lipa", inatamka hivyo na mtu anakibonyeza. Maktaba ya majaribio inayoitwa Testing Library, iliyoanzishwa na Kent C. Dodds mwaka 2018, imejengwa juu ya swali hilo hilo. Inawahimiza waandishi kukitafuta kitufe kwa kazi yake na jina lake, kama atakavyokitafuta mtumiaji. Jaribio likisema "sikuona kitufe chochote kinachoitwa Lipa" huku kitufe kinang'aa kwenye skrini yako, maana yake umechora kisanduku cha kawaida, ukakipaka rangi ya kitufe, na msichana wa Igoji hatakipata.

Hapo ndipo vijana wetu hufanya jambo ninaloliita aibu. Wanakibandika kisanduku hicho kitambulisho cha siri, ambacho jaribio pekee linaweza kukisoma, na kuliambia jaribio likitafute kwa hicho. Linakipata na kijani kinarudi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata habari na kufika mahali pote kwa njia inayofaa, nanyi mmeandika jaribio linaloficha kwamba mmemnyima. Lililotakiwa lilikuwa kubadilisha lebo moja katika msimbo, kisanduku kiwe kitufe cha kweli. Linachukua muda mfupi kuliko huo ujanja.

Huyo asiyeona angalau mngeweza kudai hamkumfikiria. Je, mwenye macho aliye Kiritiri, ambako mtandao unasuasua? Anabonyeza "Lipa", hakuna kinachotokea, anabonyeza tena, na tena. Katika jaribio lenu seva ya kuigiza inajibu papo hapo, kwa hiyo kubonyeza mara ya pili hakujawahi kuwepo. Andikeni jaribio ambalo jibu linachelewa. Libonyeze mara mbili, kisha lidai kwamba ombi la malipo limetumwa mara moja tu. Litafeli, na litakuwa limewaokoa.

Anayedhani natia chumvi asome habari za Uingereza. Mfumo wa Horizon, uliotengenezwa kwa ajili ya shirika la posta la huko, ulikuwa na hitilafu iliyopewa jina la kijiji cha Dalmellington, Scotland. Mwenye posta alikuwa akithibitisha kupokea fedha, skrini ikaganda, akabonyeza kitufe cha kuingiza, na kila alipobonyeza mfumo ulirekodi kimyakimya kwamba amepokea fedha nyingine. Vitabu vikaonyesha upungufu wa pauni 24,000. Hitilafu za Horizon kwa jumla, pamoja na ukaidi wa wakubwa waliosisitiza kwamba kompyuta haikosei, ziliwafikisha zaidi ya wasimamizi 900 wa posta kwenye hukumu za wizi na ulaghai kati ya mwaka 1999 na 2015. Wako waliofungwa, wako waliofilisika. Walikuwa watu wa vijiji, wanaoheshimiwa na majirani zao, kama mweka hazina wa kikundi chochote cha akina mama Mikinduri.

Na sisi tunayo yetu. Baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, skrini za Bomas of Kenya, ambako kura zilikuwa zikijumlishwa, zilionyesha kura zilizokataliwa zikipita 300,000. Nchi ilikaa roho juu, kwa sababu kura hizo zingeweza kuamua kama kuna aliyevuka nusu. Tume ya uchaguzi ikaja kueleza kwamba kosa la programu lilikuwa likizizidisha kwa nane. Hesabu ya mwisho ilikuwa 108,975, na mshindi alitangazwa kwa asilimia 50.07. Kura tatu zikiingia, skrini ionyeshe tatu: ni jaribio la mistari michache ambalo mwanafunzi wa mwaka wa pili analiweza, na kukosekana kwa kipimo cha namna hiyo kuliiweka nchi nzima katika wasiwasi, miaka mitano tu baada ya damu iliyomwagika mwaka 2008 kwa sababu ya uchaguzi.

Najua majibu yenu. Mteja anataka kuona kazi Ijumaa. Malipo ni madogo. Mteja hajui jaribio ni nini, hawezi kulilipia. Sikubaliani hata na moja. Mteja hajui nondo ngapi zinaingia katika nguzo ya nyumba, lakini fundi anayezipunguza kwa sababu hiyo tunamwita muuaji. Na huo muda mnaosema hamna, mnao: mnautumia kuwajibu watu wanaolalamika kwenye simu, kurekebisha majina mmoja mmoja kwa mkono ndani ya hifadhidata, kutafuta kwa nini ripoti ya mwezi haikubali. Kijana mmoja wa Meru aliniambia kwa fahari kwamba majaribio yake 400 yote ni ya kijani. Nilimuuliza mangapi yana jina la mtu wa Meru ndani yake. Alinyamaza, na sikumwonea huruma.

Nitakubali jambo moja. Kusoma jaribio lililofeli ni kazi ngumu, na hakuna aliyewafundisha. Mafunzo mengi hufundisha kuandika jaribio linalofaulu, kisha yanafunga ukurasa. Ndiyo maana nawaomba wahadhiri wa vyuo vikuu vilivyo Nchiru na Embu watoe alama kwa kusaka hitilafu peke yake. Mpeni mwanafunzi jaribio jekundu na msimbo asioujua, aeleze kwa maandishi kilichovunjika na alivyokigundua, kabla ya kugusa hata herufi moja. Achapishe ukurasa ulivyo wakati jaribio linapofeli, autazame kweli, aone kama ujumbe wa kosa umetokea mahali asipoutarajia. Ajue tofauti ya kukitafuta kitu sasa hivi na kukingoja kitokee, maana nyekundu nyingi zinazokuja na kuondoka zinatoka hapo, na mkiuongeza muda wa kungoja bila kujua mnangoja nini, mnaizika hitilafu ikiwa hai. Ajue pia kwamba mazingira ya jsdom, ambamo mengi ya majaribio haya huendeshwa, hayachori ukurasa: upana ni sifuri, urefu ni sifuri, na kitufe kilichofunikwa kabisa na tangazo bado kitabonyezeka. Kwa hilo kuna Playwright ya Microsoft, iliyotoka mwaka 2020, inayofungua kivinjari cha kweli na kukataa kubonyeza kitufe kilichozibwa. Majaribio machache ya aina hiyo, kwa upana wa skrini ya simu ya bei nafuu, yanatosha kuanzia.

Wenye kampuni, kwenu sina ombi, nina dai. Jaribio lolote linalorukwa liandikwe jina la aliyeliruka, sababu yake na tarehe ya kulirudisha, na orodha hiyo isomwe mbele ya wote kila Jumatatu. Halihitaji bajeti. Halihitaji kompyuta mpya. Na chama cha ushirika au kaunti inayomlipa mtu kuunda fomu idai kuiona orodha hiyo, na kuuona mfumo ukiendeshwa kwa majina hamsini yaliyonakiliwa kutoka daftari lake lenyewe la wanachama, kwa ridhaa yao, kabla ya kutoa shilingi ya mwisho.